Koplo Andwele na Kitambaa Chake Cheupe

Jumatatu, 21 Agosti 1978

Gari langu limekataliwa! Gari la Marselino, mtu wa kwanza kijijini kumiliki gari. Wa pili hajazaliwa.

Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nilimaliza mbele ya wote. Mwalimu alisema herufi zangu ni kubwa mno. Mtu mdogo ndiye huandika ndogo.

Habari yenyewe ni hii. Ukaguzi wa magari, Sumbawanga mjini. Mkaguzi ni koplo wa trafiki, Andwele, Mnyakyusa wa Mbeya. Kijana safi, shikamoo yake ya kuinama. Ana kitambaa cheupe. Wewe unawasha gari, yeye anakishika nyuma ya bomba la moshi na kuhesabu mpaka ishirini. Kwangu alifika tisa. Kitambaa kilikuwa kaniki, cheusi tii. Kofia yake pia.

Kasema, mzee, gari hili halitembei, linapika. Kanipa mpaka Ijumaa jioni. Moshi mweusi ukiendelea, anang'oa namba, na gari lisionekane barabarani.

Na Jumamosi ni harusi ya Stefania! Binti wa marehemu mdogo wangu Eustaki. Siku yake ya mwisho kitandani nilimshika mkono Eustaki, nikamwambia binti yako ataingia kanisani kwa gari, si kwa miguu, wala si kwa kitu chenye mkia. Akatabasamu. Neno hilo halirudi nyuma.

Jirani yangu Zenon ana mkokoteni wa ng'ombe. Mikia miwili! Habari zilifika kwake kabla yangu. Nimemkuta anaosha magurudumu. Kaniuliza kama moshi wangu umefaulu mtihani. Kasema ng'ombe wake nao hutoa moshi asubuhi kwa baridi, lakini haujawahi kumchafua askari.

Jumanne, 22 Agosti

Dawa nimeipata. Fundi wa nini? Baba yangu alikuwa myeyusha chuma, kabla ya majembe ya dukani. Ilungu lake, lile tanuri la udongo, lilikuwa refu kuliko watu wawili. Kwa nini refu? Kwa sababu tanuri refu hujivutia hewa lenyewe, bila mtu kuhangaika na mivukuto. Wazungu walikuja kulipiga picha. Hakuna mtu wa Mbeya atakayenifundisha mimi moshi.

Nimeng'oa mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua pale nyumbani. Mke wangu Kristiana kauliza, na mvua ikija? Nimemwambia huu ni Agosti. Nimeukunja ukawa bomba, nikaufunga kwa waya kutoka nyuma ya gari hadi juu ya paa lake, na kuzidi. Ulipendeza!

Nikawasha. Moshi ukapanda wima. Mweusi, ndiyo, lakini wa juu. Kitambaa cha Andwele kiko chini. Watakutana wapi?

Nikashika njia ya mjini. Kufika Kasense watu wakatoka mbio na ndoo za maji, wakidhani nyumba inaungua. Nikawapungia mkono. Ndipo ukaja upepo. Upepo wetu wa Agosti hauna adabu. Bomba likaenda upande wa mashamba ya ulezi, mimi nikarudi nyumbani.

Kristiana kasema maji ya Novemba nitayakinga kwa mdomo, si ninao mkubwa.

Jumatano, 23 Agosti

Marsiana kafika kwa basi la Namanyere. Dada mkubwa wa Stefania. Alipita jeshini, JKT, wakamfundisha magari, na sasa anatengeneza matrekta huko Nkasi. Kasalimia. Kasikiliza gari likiunguruma, kichwa upande, kama kuku aliyesikia mwewe. Kasema, baba mkubwa, gari halipati pumzi, niruhusu nifungue boneti.

Nikakataa. Ilungu likiwaka mwanamke hasogei. Ndivyo tulivyolelewa. Akisogea, chuma kinaharibika. Nikachora mstari wa majivu kulizunguka gari lote.

Kasema, baba mkubwa, hili si ilungu. Nikamwuliza, lina moto? Kasema lina. Lina moshi? Kasema hilo hata Muze kule bondeni wanalijua. Nikasema basi, tumeelewana. Akaenda kumenya viazi, mabega yakicheka.

Mimi nikaendelea na akili. Pombe ya ulezi ina makapi, tunaichuja, inakuwa safi. Moshi nao uchujwe! Nimeshindilia gunia lililolowa ndani ya bomba la moshi. Nikawasha. Gari likatetemeka kama mwenye homa. Likanyamaza. Kisha, bu! Gunia likatoka kama risasi, likampiga ng'ombe wa Zenon begani. Ng'ombe wote wawili wakaondoka na mkokoteni aliokwisha kuupamba, maua ya harusi na yote. Zenon nyuma yao, akilitaja jina langu pamoja na la mama yangu.

Sifa yake nampa. Ana miaka sitini na nane, na anakimbia vizuri.

Alhamisi, 24 Agosti

Nimegundua. Kosa si moshi, kosa ni kitambaa! Kitambaa cheupe ni mbea, kinasema kila kilichokiona. Nimechukua kaniki ya Kristiana, safi, imefuliwa, nikampelekea Andwele. Nikamwomba kwa heshima apimie hii.

Akaitazama. Akanitazama. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema, mzee wangu, tangu nitoke Mbeya nimeletewa kuku, nimeletewa asali, nimeletewa machozi. Kaniki ni mara ya kwanza. Na kuku aliwarudisha wote, nimeuliza. Kijana huyu hanunuliki. Nampenda. Ningependa tu augue kidogo, mpaka Jumatatu.

Kasema kesho saa kumi na moja jioni, mzee. Kitambaa ni kile kile.

Nyumbani Stefania kanifuata uani. Kasema, baba mkubwa, usijisumbue, nitapanda mkokoteni, kanisani si mbali. Kasema kwa upole. Angenitukana ningepata nafuu. Kidevu chake ni cha Eustaki kabisa, nikashindwa kukitazama.

Sikula ugali. Kristiana kaula wa kwangu.

Ijumaa, 25 Agosti

Nimefikiri mwenyewe, bila kushauriwa na mtu. Mwiko wa baba ulikuwa wakati ilungu linawaka. Gari likizimwa, haliwaki. Kwa hiyo likiwa baridi, mwanamke anaweza kufungua boneti. Kristiana kasema neno hilo hilo aliniambia juzi. Juzi sikusikia.

Nikafuta majivu kwa mguu. Marsiana kafungua. Kafuata bomba la kuvutia hewa kwa kidole, polepole, mpaka mdomoni mwake. Akavuta kitu. Kikaja, kikaja. Kipande cha blanketi la kijivu, kimejaa vumbi la Ufipa mpaka kizito kama tofali!

Wakauliza nani aliyeweka. Mimi. Mwezi wa sita, baridi ilipobana. Gari lililala nje, likaamka linakohoa. Mtoto akikohoa si unamfunika? Nikalifunika.

Marsiana hakucheka. Hilo nitalikumbuka. Kasema, baba mkubwa, ulilionea huruma, lakini ulilibana pua. Moto usiopata hewa hutoa moshi mweusi. Wewe mtoto wa mwenye ilungu unalijua hilo kuliko mimi. Nikasema nalijua.

Kisha akaniambia niwashe. Nikawasha! Moto unawaka, mwanamke kaliinamia, na mimi sikatazi. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni. Akafumba macho. Baba alikuwa hivyo hivyo. Alisimama kando ya ilungu, macho kayafumba, analisikiliza likipumua, halafu anasema leteni makaa, au acheni. Sijaliona sikio lile tangu tumzike. Wanangu wa kiume wanne, hakuna aliyelipata. Kumbe lilipita kwa Eustaki likatua kwa huyu! Akageuza skrubu ndogo ya kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli, nusu mzunguko tu. Mngurumo ukalainika kama paka aliyeshiba. Mikono imejaa grisi, na sijaona mikono mizuri hivyo.

Kaniambia skrubu ile nisiiguse. Nikasema sawa.

Saa kumi na moja, kwa Andwele. Kahesabu ishirini. Hakuamini, akaendelea mpaka arobaini. Kitambaa cheupe! Kauliza fundi ni nani. Nikafungua mdomo, jina langu likiwa tayari kwenye ulimi. Nikamwonyesha Marsiana. Andwele akavua kofia.

Kagonga muhuri. Cheti kinasema: gari halitoi moshi mweusi.

Jumamosi, 26 Agosti

Stefania kaingia kanisani kwa gari! Kaketi mbele, shela imejaa mpaka kwenye usukani, sikuona barabara vizuri lakini nani anahitaji kuona? Vigelegele njia nzima. Zenon kaja nyuma na mkokoteni, kabeba mashangazi kumi na moja. Mlangoni kanishika mkono, kasema, mwenzangu, leo umetutoa kimasomaso. Alimaanisha. Ni mtu mzuri akishindwa.

Nikamwambia Eustaki kimoyomoyo: umeona?

Kwenye karamu nilisimama nikaeleza jinsi tatizo lilivyopatikana. Huenda nilisahau sehemu. Marsiana akaniletea kibuyu cha pombe, akasema, kunywa baba mkubwa, umechoka kutengeneza.

Jumapili, 27 Agosti

Marsiana kaondoka na basi la asubuhi. Nikabaki na skrubu.

Hesabu ni rahisi. Nusu mzunguko umefanya maajabu. Mizunguko miwili je? Nimeizungusha miwili. Hewa tele! Tukaenda misa mimi na Kristiana. Mlimani gari likawa jepesi, likapiga miluzi, likawa la moto kuliko ilungu. Tulipofika kanisani kitu ndani kikasema pa! na moshi ukaanza.

Mweupe. Mwingi, mzuri, kama mawingu ya Machi.

Kristiana kasema hayo ni maji ya injini yanaungua, tumwite Marsiana arudi. Nikamwambia atulie tusali. Na Mungu hamtupi mtu wake. Padri kasimama, katangaza kwamba redio imesema jana Papa mpya amepatikana, na kwamba huko Roma ulipanda moshi mweupe, watu wote wakapiga makofi.

Nje nimemkuta Zenon kalisimamia gari, mikono kiunoni, anataka kujua hiki nacho ni nini. Nikamfungulia cheti, nikamsomea kwa kidole, neno kwa neno. Mweusi ndio umeandikwa. Mweupe haukutajwa popote. Nikamwambia kama hata Roma wanaushangilia, yeye wa mkokoteni ni nani?

Kesho naizungusha tena kidogo.