Ua la Fundi Waziri

Jumanne, 4 Novemba 2025

Mkutano wa Chama cha Wapenda Okidi wa Rumonge, uani kwa mwalimu Kornelia, chini ya kile chandarua kikuukuu tulichokigeuza kivuli cha maua. Habari zilikuwa tatu. Kornelia amechoka kuwa prezida, anataka kulea wajukuu. Jumapili ya tarehe 16 tutafanya maonyesho, na siku hiyohiyo tutachagua prezida mpya. Habari ya tatu sikuipenda hata kidogo. Kornelia alitukumbusha kanuni ya saba: mwanachama ambaye okidi yake haijachanua kwa miaka miwili anashushwa kuwa mwangalizi. Mwangalizi hapigi kura, hagombei cheo, anakaa benchi la nyuma, na sambusa anapata zikibaki. Hazijawahi kubaki.

Wote wakanigeukia. Okidi yangu, Sultana, ina majani manene kama ulimi wa ng'ombe na haijanipa ua hata moja tangu niinunue. Miaka miwili inatimia mwezi huu.

Kinachonikera ni kwamba kanuni ya saba niliitunga mimi. Niliitunga mwaka jana ili kumwondoa Bienfait, yule muuza mawese kutoka Uvira, ambaye mmea wake ulikuwa majani matupu. Wanachama wakapiga makofi, ikapita. Wiki iliyofuata mmea wa Bienfait ukatoa ua jeupe, kubwa kama kisosi! Leo kanishika mkono akaniambia nisijali, Mungu ni mwema. Mnafiki. Anautaka uprezida, namjua. Lakini uprezida ni wangu. Nani alileta chandarua? Mimi. Kilikuwa na matundu, ndiyo, lakini nilikileta.

Jumatano, 5 Novemba

Sokoni, Shabani muuza ndagala kaniambia kwamba maji ya kuoshea samaki yanasukuma maua kama hirizi. Ametoa mfano wa nyanya za mama yake. Nyanya au okidi, yote mimea! Nimejaza bidoni nzima. Sultana amekunywa, amekunywa tena, na kilichobaki nimempaka kwenye majani.

Mke wangu Mariyamu aliuliza kama ninakuza ua au ninapika mchuzi. Nikaendelea kupaka. Sayansi inahitaji utulivu.

Alhamisi, 6 Novemba

Paka.

Paka wote wa Rumonge, na nadhani wengine walitoka Nyanza-Lac. Walikuwa barazani, ukutani, juu ya bati. Mmoja mwenye sikio lililokatika alikuwa amekaa ndani ya chungu, kamkumbatia Sultana kama mume. Mariyamu aliwafukuza kwa ufagio, halafu ufagio ukanigeukia mimi. Amri imetoka: Sultana ahamie kibandani kwangu sokoni, kando ya cherehani. Wateja wawili leo wamepimwa huku wameziba pua.

Hakuna dalili ya ua. Shabani anasema nisubiri. Nyanya za mama yake zilichukua mwezi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimerudi kutoka Kigwena, mgongo umekatika.

Mpango ulikuwa mzuri. Msitu wa Kigwena una okidi za mwitu juu ya miti, zimechanua hasa msimu huu wa mvua. Najua ni marufuku kutoa hata jani. Mimi sikukusudia kutoa, nilikusudia kuazima. Jana nililala kwa shemeji yangu, alfajiri nikachukua kikapu nikaelekea msituni. Kufika ukingoni, nikakuta mtaa mzima umesimama na majembe. Kazi za pamoja za Jumamosi! Nilizisahau kabisa.

Mlinzi wa msitu aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Rumonge. Akaniuliza kikapu ni cha nini. Nikasema cha kubebea udongo. Mungu wangu, ulimi huu! Nikapewa jembe, nikachimba mtaro hadi jua likawa utosini. Kazi ilipoisha mlinzi akanisimamisha mbele ya watu, akasema huu ndio mfano wa raia mwema, mtu anaacha kwao anakuja kuwasaidia wengine. Wakapiga makofi. Mama mmoja akanijazia kikapu machungwa, akanishukuru, "murakoze cane, muzee." Muzee! Nina miaka arubaini na nne.

Na muda wote huo, juu ya kichwa changu, tawi zima la maua ya njano yenye madoa. Ningenyoosha mkono tu. Lakini unanyooshaje mkono wakati umati mzima unakutazama kwa heshima?

Jumatatu, 10 Novemba

Adui kaniletea silaha mwenyewe.

Bienfait kaja kibandani na kitambaa cha shifoni, rangi ya zambarau hafifu, chenye vitone vya fedha, kimetoka Bujumbura. Anataka gauni la binti yake Elda, lenye mikono mirefu, mipana, ya kupepea. Elda ndiye atakayempa mgeni wa maonyesho shada siku ya Jumapili. Mgeni ni bibi Joanita, muuza maua wa Kabezi, ambaye hakuna harusi ya maana kando ya ziwa hili inayofanyika bila yeye. Bienfait alisikia harufu ya ndagala, nikaona pua inacheza, lakini hakusema neno. Upole wake huo ndio unaoniudhi.

Jioni nilikuwa nakata mikono ya gauni. Kipande kikaanguka juu ya Sultana, kikakaa pale kwenye jani, kikiwa kimejikunja. Nikakitazama. Kikanitazama. Kumbe Mungu kama hakumpa Sultana ua, mimi kanipa mkasi!

Mikono mirefu ya nini, kwanza? Joto la hapa ziwani linajulikana. Inayoishia kwenye kiwiko inatosha. Na huu si wizi. Mabaki ni haki ya fundi tangu enzi za mababu, na anayejua kipi kimebaki ni fundi.

Jumatano, 12 Novemba

Maua matano! Kila petali nimelipinda pindo kwa sindano ndogo kabisa, nikalikaza kwa uji wa muhogo, nikalipiga pasi juu ya kijiko ili libonyee. Sijawahi kushona kitu kizuri namna hii, hata suti ya harusi yangu. Nimeyapanga kwenye waya uliozungushiwa uzi wa kijani.

Shida moja ndogo. Pale nilipotaka kuchomeka waya palikuwa na mzizi mpumbavu. Umetoka kati ya majani, kijani kibichi, ncha yake kama soksi ya kitoto, na badala ya kushuka chini unapanda juu. Mzizi haujui kazi yake! Nimeukata. Mariyamu, aliyekuwa ameniletea chakula, aliuokota akauliza kama nina hakika huo ni mzizi. Nikamkumbusha kwamba mimi nimo kwenye okidi miaka miwili, yeye yumo kwenye mihogo. Akasema haya, baba Anwari, na njia ya mwongo ni fupi. Sijui hilo lilihusu nini.

Waya umeingia palepale, umekaa sawasawa.

Ijumaa, 14 Novemba

Elda kachukua gauni. Alijitazama kwenye kioo, akanyoosha mkono, akaniuliza, "Fundi, mukono imeishia wapi?" Nikamwambia kitambaa kilikuwa kifupi. Akasema baba yake alinunua mita nne. Nikamwambia mita za Bujumbura si kama za huku. Aliondoka anahesabu kwa vidole, lakini aliondoka.

Msikitini nimeomba dua kuhusu Jumapili. Sikuingia kwenye undani.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Uwanja wa Kornelia ulipendeza. Okidi zilikuwa kwenye vyungu vilivyojazwa vipande vya mkaa, nyingine zimefungwa kwenye vigogo vya michikichi. Bibi Joanita kashuka kutoka Kabezi na kofia kubwa. Mimi nilikuwa nimemfunika Sultana kwa mtandio, nikasubiri zamu yangu, iliyokuwa ya mwisho. Nikaufunua.

Watu wakasema yoo! Kornelia akapiga kigelegele. Bienfait akanikumbatia, akasema alijua tu, Mungu ni mwema. Bibi Joanita aliinama, akainuka, akainama tena. Akasema tangu aanze kuuza maua hajaona okidi yenye vitone vya fedha. Akauliza siri yangu. Nikasema ni subira. Akanusa, akasema inanukia kama duka la manukato, na hapo Mariyamu akakohoa, kwa sababu asubuhi alikuwa anaitafuta chupa yake. Nilikuwa prezida! Nilikuwa nimeshaanza kufikiria hotuba.

Ndipo Kornelia akamwita Elda alete shada.

Nilijua gauni litakuja. Nililishona mimi! Lakini kichwani mwangu gauni lilikuwa jambo moja na ua jambo jingine, hayakuwahi kukutana. Elda akaja, akasimama kando ya Sultana, akanyoosha mkono kumpa mgeni shada. Mkono wa gauni uliishia kwenye kiwiko, na palepale baada ya kiwiko Sultana akaanzia. Zambarau ileile. Vitone vilevile.

Elda akatazama kiwiko. Akatazama ua.

"Papa! Hii maua iko mukono yangu!"

Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba ni aina mpya inayofanana na kitambaa. Hakuna aliyeamini. Kornelia alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Bienfait alilishika petali moja, akaliona pindo, akasema kwa kweli kazi ni safi sana. Hata hapo kanisifu!

Bibi Joanita ndiye pekee ambaye hakucheka. Alichomoa waya, akachungulia kati ya majani, akauliza nani amekata kikonyo cha ua. Nikamwambia ulikuwa mzizi, wenye ncha kama soksi, unapanda juu. Akasema mzizi wa okidi una ngozi ya kijivu na ncha ya mviringo. Chenye ncha kama soksi, kinachopanda juu, ni kikonyo. Sultana alikuwa anataka kuchanua. Kornelia akafuta machozi ya kicheko, akasema polepole kwamba kama kikonyo kingekuwepo, chama kingesubiri.

Hapo niliumia. Aibu naizoea, mimi ni fundi, kila siku mtu ananirudishia suruali. Lakini Sultana alikuwa ameamua mwenyewe, kimyakimya, bila ndagala wala hila, na mimi nikamkata kidole. Nilitaka kumwomba radhi, lakini watu walikuwa wengi.

Kanuni ya saba ikasomwa. Niliiandika vizuri mno, haina hata mwanya mmoja wa kupenya. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Bienfait kachaguliwa bila kupingwa, kwa sababu mpinzani alikuwa benchi la nyuma. Kornelia akasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi mimi si mshindani. Mimi ni mshindi aliyecheleweshwa.

Na jambo la kwanza alilofanya prezida mpya? Alikuja mpaka benchi la nyuma na sambusa mbili kwenye sahani, akakaa kando yangu, akaniambia ana kichipukizi cha ziada nyumbani na kwamba nikitaka atanifundisha kutofautisha kikonyo na mzizi. Adui gani huyu asiyejua kazi yake! Nilizila sambusa. Zilikuwa tamu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimwona Elda anakuja sokoni, nikajificha nyuma ya makoti. Akanisemesha hukohuko. Hakuja kugombana! Ua moja kati ya yale matano amelibandika kichwani, juu ya sikio, na jana jioni kanisani wasichana wote walimzunguka. Anasema akipewa ua la pili, habari ya mikono ataisahau. Anasema pia bibi Joanita amempigia simu baba yake: kwa harusi za Kabezi anataka maua kama hayo, hayanyauki, hayataki maji. Arubaini kwa kuanzia.

Arubaini! Nimetoka kwenye makoti.

Mariyamu anafurahi. Kamwagilia Sultana maji safi, kamfuta majani kwa kitambaa kibichi, na kanishauri kesho niende kwa Bienfait nikamshukuru, nichukue kile kichipukizi, nijifunze taratibu kama watu wengine. Nimemwambia nitafikiria.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefikiria. Siendi.

Nimeanzisha chama changu. Chama cha Okidi za Kitambaa cha Rumonge. Prezida ni mimi. Makamu wa prezida ni mimi mpaka atakapopatikana mwingine. Nimeshatunga kanuni ya kwanza, nayo ni kali: mwanachama ambaye ua lake litapauka anashuka benchi la nyuma, hapigi kura, hagombei. Nitamkaribisha Bienfait ajiunge. Tutaona atafanyaje, muuza mawese asiyejua hata kutia uzi kwenye sindano! Mariyamu kauliza kama jua la Rumonge halipaushi vitambaa, hasa vya kibandani kwangu ambako hakuna pazia. Nimemwambia asiingilie mambo ya katiba.

Kilichobaki ni kitambaa. Maua arubaini yanakula kitambaa kingi, na shifoni nzuri hapa sokoni hakuna.

Lakini Mungu ni mwema, kama anavyosema yule mtu. Saa hii hii ameingia Raisa, jirani yetu, na mita tano za satini ya waridi, laini ajabu, inang'aa. Anataka gauni la harusi ya dada yake, refu, la kuburura nyuma mpaka watu wakae pembeni.

Nimempima. Raisa ni mwembamba, na barabara zetu zina vumbi. Gauni la kuburura la nini? Nitamfupishia kidogo.