Kampeni Yangu kwa Mwanga wa Jua

Jumatatu, 10 Februari 2025

Siku nne kabla ya uchaguzi wa kamati ya kituo chetu cha majani chai. Ochoki amekuwa mwenyekiti miaka tisa. Tisa! Mwaka huu kiti ni changu. Nataka kuitwa Chairman, hata na mke wangu.

Shida ni moja. Upande wetu huu wa Manga, simu inashika mtandao mahali pamoja tu: kwenye benchi la duka la Ochoki. Leo nilimpigia Onsongo, mpiga debe wangu anayeishi ng'ambo ya bonde, nikamnong'onezea mipango ya siri. Nilipokata simu, Ochoki, aliyekuwa nyuma yangu akipima sukari, alinikumbusha kwa upole kwamba nimesahau kura za kina Mose. Mtu jeuri sana.

Jumanne, 11 Februari

Mungu yuko! Mke wangu Kwamboka amenunua nyama, ikaja imefungwa kwa gazeti kuukuu. Nimelisoma lote, damu na yote. Kumbe katika Vita vya Pili vya Dunia kuna wanajeshi waliozungumza kwa mwali wa taa. Sauti inautikisa mwanga, mwanga unavuka, upande wa pili mtambo unaugeuza kuwa sauti tena. Adui asiye kwenye njia ya mwali hasikii kitu. Hasikii kitu!

Sina taa ya jeshi. Nina jua la Februari. Nimetoboa mkebe wa mafuta ya kupikia pande zote mbili, upande mmoja nikawamba karatasi inayong'aa ya pakiti ya krispi. Naongea nyuma, karatasi inatetemeka, jua linarushwa ng'ambo likitetemeka vilevile. Kule Onsongo atalipokea kwa paneli ya sola iliyounganishwa na spika. Paneli nimeing'oa kwenye paa letu, nikampelekea. Kwamboka atadhani ni wezi.

Jumatano, 12 Februari

Kwamboka amedhani ni wezi. Nimewalaani pamoja naye.

Jaribio la kwanza: mgomba ulikuwa njiani. Nimeukata. Ulikuwa na mkungu mchanga. Wezi tena. Jaribio la pili: mvua. Nimemtuma mtu kwa Onsongo: kesho saa tano, spika ndogo, asikie yeye peke yake. Akinipata vizuri apunge shati.

Alhamisi, 13 Februari

Saa tano. Jua kali. Nimeshika mkebe mdomoni, nimesema pole pole, na bonde likanirudishia mwangwi mzuri. Onsongo amwahidi Bosire ukatibu ili alete kura za jamaa zake. Amwahidi Mose ukatibu uleule. Wasikutane mpaka kura zipigwe. Yeye mwenyewe Onsongo atakuwa makamu wangu.

Nimemaliza, nikapumua, nikajisemea kwamba Onsongo ni mjinga kweli, maana umakamu ni wa shemeji yangu. Mkebe ulikuwa bado mdomoni. Si kitu, nilikuwa najisemea tu.

Ng'ambo shati likapungwa. Kisha leso. Kisha wachuma chai mteremko mzima wakainua mikono! Sikujua nina wafuasi wengi hivyo. Nami nikawapungia, mikono miwili.

Saa kumi. Kwamboka amerudi kutoka kanisani, ng'ambo kwa kina Onsongo, na sare yake ya Dokasi, kile kikundi cha wanawake wa kanisa. Hakuketi. Spika ndogo ilitoa sauti kama ya mbu, kwa hiyo Onsongo, ambaye ndiye fundi wa vyombo vya kanisa, aliiunganisha paneli na vipaza sauti vya juu ya paa la kanisa. Akina mama wa Dokasi walikuwa chini yake wakifagia kwa ajili ya Sabato. Bosire alisikia akiwa shambani. Mose alisikia akiwa njiani. Ochoki alifunga duka ili asikie vizuri.

"Baba Linda," Kwamboka akasema, "ee Nyasae, Mungu wangu, hata paneli?"

Nalala bila ugali. Nimeona aibu, naandika ukweli.

Ijumaa, 14 Februari

Tunapiga kura kwa mlolongo: wagombea mbele, watu wanapanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Karani alitukataza kugeuka. Nilisikia viatu vingi, moyo ukapanda. Karani akahesabu. Kwa Ochoki alifika sitini na nne. Kwangu akasema moja, akafunga daftari.

Nikageuka. Alikuwa mama mzee Nyakerario, ambaye wiki nzima alikuwa Ogembo kwa binti yake na alifika leo asubuhi. Aliniuliza kwa nini foleni yetu ni fupi. Kwamboka alikuwa wa tatu nyuma ya Ochoki, amekazia macho kilele cha mlima. Hilo liliniuma kuliko zile sitini na nne.

Jumapili, 16 Februari

Kwamboka amesema hatanipikia mpaka niombe msamaha kwa Bosire, Mose na Onsongo. Ana haki. Nilikosa, na nimekubali kwa moyo wangu wote.

Nitamwomba kila mmoja peke yake, faraghani. Bosire nitamwambia yeye ndiye wa kwanza kuombwa. Mose pia. Onsongo pia. Na ili waamini kwamba nimebadilika, uchaguzi ujao kila mmoja atakuwa makamu wangu.