Koti la Mifuko Sita

Jumatatu, 3 Februari

Barua imefika. Mjukuu wangu kakubaliwa chuo cha pili! Cha kwanza kiko hapa hapa, unakwenda kwa miguu na kurudi chai haijapoa. Hiki cha leo ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Anataka kusomea sayansi ya chakula. Nikasema chakula si cha kusomea, ni cha kula. Akacheka. Ndiye pekee humu ndani anayecheka nikisema jambo.

Waliokubaliwa wanaalikwa Ijumaa, na wazee wao wasiozidi wawili. Watazame bweni, wale mchana, wasikilize somo. Anayetaka nafasi atie sahihi kabla ya saa kumi jioni. Asiyetia, anapewa mwingine.

Hapo roho ikaniruka. Naandika siri hii kwa kuwa daftari nalificha chini ya cherehani: daktari amenikataza sukari. Mke wa mwanangu ni muuguzi. Tangu siku ile kabati lina kufuli, na ufunguo kaubana kifuani karibu na saa yake ya kazini. Lakini kila asubuhi mjukuu ananipenyezea kikaratasi cha daftari la hesabu, kimekunjwa, pembe moja imeingizwa ndani. Humo mna vijiko viwili vya sukari. Miaka miwili sasa, na Muuguzi hajui lolote! Huyu mtoto akienda mbali, nitakunywa nini? Maji moto yenye rangi?

Nimeamua. Haendi. Ziara hiyo lazima imchukize.

Jumanne, 4 Februari

Kikwazo. Mwanangu yuko kazini mbali, Muuguzi ana zamu Ijumaa. Wazee wawili ni mimi na babu mwenzangu, baba yake Muuguzi. Mwalimu mkuu mstaafu. Huongea kama kengele ya shule, na chuo cha mbali anakisifia mpaka mate yanamruka. Akija, ataniharibia kila kitu.

Basi leo kaniletea suruali yake ya suti. Nimpunguzie kiuno sentimita mbili, avae Ijumaa. Akaongeza kuwa anataka kazi safi, si kama ile ya harusi. Si kama ile ya harusi!

Nimepunguza tano.

Jumatano, 5 Februari

Nimesoma barua tena. Bwaloni kuna chai. Penye chai pana sukari, na sijasoma popote kwamba ina kufuli. Mpango ukishindikana, mikono mitupu sirudi. Nimelifumua koti langu nikatia mifuko sita ndani ya bitana. Kazi ya fundi hasa! Nimeishikiza kwa mkono tu. Cherehani nitapiga kesho.

Alhamisi, 6 Februari

Sikupiga cherehani. Asubuhi nzima nimemfunda mjukuu kuhusu mabweni: kunguni, vitanda vinavyolia, maji ya baridi. Akauliza, kwani Babu umewahi kukaa bwenini? Nikasema niliacha shule darasa la nne, lakini masikio sikuyaacha.

Kisha akauliza, taratibu, akienda nitafanyaje. Nikasema nitakufa, basi. Nilikuwa natania. Hakucheka.

Mwalimu Mkuu kachukua suruali bila kuijaribu. Kasema ananiamini. Nilijifanya natafuta pini chini ya meza mpaka akaondoka.

Ijumaa, 7 Februari. Saa saba mchana, benchi nje ya bwalo

Kaja! Suruali imemkaba anapumua kwa vituo. Kuketi hawezi. Ndani ya basi kasimama saa tatu nzima, eti daktari kamshauri kwa ajili ya mgongo. Hapa chuoni kasimama kila chumba, kanyooka kama mlingoti, mikono nyuma, na watu wakadhani ni mkaguzi! Wamemletea maji. Mkuu wa chuo kaja kumsalimia kwa mikono miwili. Mimi niliyeketi kistaarabu sijaletewa hata bilauri tupu.

Bwenini nikajilaza kitandani ili mjukuu asikie kinavyolia. Hakikulia. Nikapitiwa na usingizi. Nimeamka nakuta kundi zima la wageni juu yangu, na mtembezaji anawaambia: jioneeni wenyewe kilivyo na starehe.

Lakini bwaloni! Sukari ya vipakiti, bakuli kila meza, wazi kabisa! Mifuko yote sita imejaa. Nimekuwa mpana kama kabati.

Limebaki somo la maabara. Mhadhiri ni mama mfupi mwenye miwani. Huyo namwaibisha mbele ya mjukuu, mambo yaishe.

Jumamosi, 8 Februari. Nyumbani

Sasa naweza kuandika.

Mhadhiri akauliza nani ana swali. Nikasimama nikasema swali sina, nina kitu. Nikatoa kikaratasi changu cha akiba, nikamwambia, haya mama msomi, hiki ni nini? Nilitaka aseme sukari, nami niseme hata wa darasa la nne anajua hilo, sasa miaka mitatu ya masomo ya nini? Mjukuu alikuwa akinipungia mikono kwa nguvu. Nilidhani ananishangilia.

Mama akabandika vibakuli viwili motoni. Kimoja sukari yake, kingine yangu. Yake ikayeyuka, ikawa ya kahawia, harufu ya peremende ikajaa chumba. Yangu ikayeyuka ikabaki safi kama maji. Akavua miwani. Mzee wangu, akasema kwa upole, hii si sukari. Ni ile ya duka la dawa, ya watu waliokatazwa sukari.

Miaka miwili!

Mjukuu kainamisha kichwa. Akaungama: Muuguzi, mama yake, hununua, yeye hukunja. Walijua nikipewa waziwazi nitaitema. Nikipewa kwa wizi nitalamba mpaka karatasi. Na Mwalimu Mkuu alijua! Nikainua mikono yote miwili niwashitaki mbele ya watu.

Nyuzi za kushikiza zikaachia. Mfuko wa kwanza, wa pili, yote sita. Vipakiti vikamwagika kama mvua ya mawe, vingine mpaka miguuni kwa mhadhiri. Mwalimu Mkuu, kwa kutaka kusitiri familia, akainama kuviokota. Suruali ikasema yake. Mpasuko ule! Mtu mmoja karibu na mlango akauliza kama ni gesi.

Tukasukumwa stoo ya maabara. Mimi na sindano yangu, ambayo haitoki kwenye ukosi wa shati, yeye na koti jeupe la kuazima kiunoni. Nikashona. Akaniambia, bila kengele safari hii, kwamba saa kumi inakaribia na mtoto hajatia sahihi. Hataki. Kasema akiondoka, babu atatafuta sukari ya kweli, na ya kweli itamzika. Anaacha chuo anachokiota kwa ajili ya vijiko vyangu viwili.

Sindano ikanichoma. Machozi yalikuwa ya sindano.

Nikatoka mbio, nikamwacha mwenzangu na mshono nusu. Mjukuu yuko mbele ya karani, kalamu mkononi, haandiki. Nikamwambia tia sahihi, kichwa kigumu wewe. Nikaapa, karani shahidi, kwamba sitatafuta sukari tena maishani. Kweli, Babu? Kweli tupu. Akatia. Saa kumi kasoro dakika tatu.

Akanikumbatia. Kipakiti kimoja kikadondoka kutoka kwenye mkono wa koti. Akakiokota, akakitazama, akacheka mpaka karani naye akacheka.

Jumatatu, 10 Februari

Kiapo ni kiapo. Jana chai chungu. Leo asubuhi chai chungu. Sijatafuta.

Mchana kaja Mwalimu Mkuu. Suruali kaipeleka kwa fundi mwingine. Jambo lake la kwanza la akili mwaka huu. Akachungulia mlangoni kushoto na kulia, akaninong'oneza kwamba ananihurumia kama mwanamume mwenzake. Kila Jumatatu ataniletea ya wiki nzima. Ya kweli! Muuguzi asijue. Akaweka vikaratasi saba mezani, akaondoka bila kunitazama usoni. Aibu hiyo. Mtu wa nidhamu miaka arobaini, leo mwizi wa sukari kwa ajili yangu!

Na mimi sikutafuta. Imeletwa. Kiapo hakina hata mkwaruzo.

Vikaratasi vya daftari la hesabu, pembe moja imeingizwa ndani. Ajabu wasomi wanavyofanana hata kukunja. Nimeonja. Ah! Utamu huu huwezi kuulinganisha na ule wa uongo. Ulimi wa fundi haudanganywi mara mbili.