Jimu na Bobu Wajuliana Hali

Jumatatu, 4 Machi 1996

Theluji tena. Basi la kwenda kazini Malton limechelewa. Nimefika ghalani nimetota, na msimamizi akaangalia saa yake badala ya kuniangalia mimi.

Lakini jioni, nuru! Kwenye ukumbi wa jumuiya, hapa hapa mtaani kwetu Flemingdon Park, kuna tangazo la chama chetu cha Waswahili. Jumamosi ni shindano la hadithi za makauboi. Kwa nini makauboi? Kundi lililokodi ukumbi kabla yetu limesahau katoni nzima ya kofia za kauboi, na katibu wetu, Bi Zebunissa, hapendi kitu kizuri kipotee bure. Hadithi isizidi maneno mia moja. Mtu achague aina: pambano la bastola, mgeni aingiaye mjini, maandishi ya kaburini, tangazo la jambazi anayetafutwa, au kisa cha sentensi mbili cha kando ya moto.

Nitashinda. Lazima. Si kwa ajili ya kofia, ni kwa ajili ya Joyeuse. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, na jana nilipokuwa namsimulia habari za babu yangu na fisi alivaa visikilizio vya redio yake kabla fisi hajaingia. Nikamuuliza sababu. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hadithi zangu hazifiki mwisho. Mimi, niliyekuwa naalikwa kwenye kila harusi kule Uvira nisimulie! Nimeumia sana. Wali umenishinda.

Jumanne, 5 Machi

Nina adui. Mzee Alibhai wa ghorofa ya tatu. Zamani alikuwa na duka la vitambaa Bukoba, na kati ya mteja na mteja alisoma vitabu vya makauboi chini ya kaunta. Sasa ana hadithi saba tayari. Leo ametusomea moja ndani ya lifti, mimi na Joyeuse:

“Mgeni aliingia mjini saa sita mchana. Saa sita na dakika moja mji ulikuwa na kaburi jipya, na farasi asiye na mwenyewe.”

Basi. Imekwisha. Lifti haijafika hata ghorofa ya pili! Joyeuse akacheka, akamwomba nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho, bila shaka. Sentensi mbili! Hata mbuzi angesikiliza.

Baada ya chakula nimeanza pambano la bastola. Jimu anatoka upande huu, Bobu upande ule. Mitaa mitupu. Vumbi. Mikono karibu na bastola. Safi! Kisha nikakwama. Hawajasalimiana. Watu wazima wapigane risasi bila kujuliana hali? Kwani wao ni kuku? Basi Jimu akauliza habari za nyumbani. Bobu akajibu nzuri, akauliza habari za watoto. Wakapita kwa ng'ombe, wakafika kwa wakwe, mama mkwe wa Jimu ana mguu unaomsumbua. Kuja kuhesabu, maneno yangu mia yamekwisha, na hakuna hata mmoja aliyegusa bastola.

Jumatano, 6 Machi

Nimeacha pambano. Nimejaribu kaburi. “Hapa amelala Jimu.” Fupi, zuri. Lakini Jimu yupi? Mtoto wa nani? Nikamtaja baba yake, babu yake, ukoo wa mama, na mjomba aliyemlea. Hilo si jiwe la kaburi tena, ni ukuta wa jengo letu.

Nikajaribu tangazo la jambazi. Halikwenda kokote. Huwezi kumtangaza mtoto wa watu hivihivi bila kuwaeleza wazazi wake sababu.

Mke wangu Spéciose amerudi hoi kutoka kazini, kwa wazee anaowatunza. Nimemsomea zote tatu. Amelala kwenye ya pili, na viatu miguuni. Sina mtu duniani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na hila! Kama mimi siwezi kufupisha, Alibhai atarefusha.

Nimeshuka kwake na maandazi ya Spéciose. Nikamweleza, kwa uchungu wa mtu anayempenda jirani yake, kwamba visa vyake vina dosari. Sisi watu wa ng'ombe tunajua, nikasema. Hakuna mchungaji popote chini ya jua anayemfyatulia mwenzake risasi kabla ya salamu. Wasikilizaji watamdharau. Haraka haraka haina baraka. Nikamwonyesha jinsi Jimu na Bobu wanavyopaswa kuanza, habari moja baada ya nyingine, mpaka mguu wa mama mkwe.

Alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja. Alinimiminia chai mara tatu. Alisema hakuwahi kulifikiria hilo, na akanishukuru kwa mikono yote miwili. Nikapanda ngazi nikiimba. Amekwisha!

Ijumaa, 8 Machi

Hila ya pili, nzuri kuliko ya kwanza. Nimempigia simu Bi Zebunissa, nikamuuliza kama salamu kwa wasikilizaji huhesabiwa kwenye maneno mia. Akasema hapana, salamu ni adabu, nisalimie tu. Aha! Basi nitawasalimia mimi mwenyewe, kwa niaba ya Jimu na Bobu. Wakija kukutana barabarani watakuwa wamekwisha salimiwa, na bastola zitafyatuka papo hapo.

Nilimweleza Spéciose. Akasema, “Papa Joyeuse, mtoto hajali nani anashinda. Msimulie tu, ufike mwisho.” Wanawake hawaelewi mashindano.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekufa. Anayeandika hapa ni maiti.

Ukumbi ulijaa. Kila mtu na kofia ya kauboi. Joyeuse alikaa mstari wa mbele. Nikasimama, nikasalimia. Wakaitikia wote! Nikauliza habari za nyumbani, wakaniambia. Mama mmoja wa Bujumbura akasimama kunieleza habari za magoti yake. Nikampa pole. Mwingine akataka kujua kwetu Uvira ni upande gani, kumbe anamjua shangazi yangu. Watu wanacheka, wanapiga makofi, mimi nimesahau Malton na theluji yake. Tangu nifike nchi hii sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hatimaye nikasema: “Jimu akatoka upande huu, Bobu upande ule...”

Kengele! Ni ile saa ndogo ya Bi Zebunissa ya kupimia keki jikoni, leo alikuwa akimpimia nayo muda kila msimuliaji. Akasema maneno bado ninayo, lakini muda ndio umekwisha, na wenzangu wanangoja. Ukumbi ukaguna. Joyeuse akasimama na kusema kwa sauti, “Papa, hapana.” Aibu gani hii! Mwanangu mwenyewe kunikataa mbele za watu.

Kisha Alibhai. Akasoma sentensi mbili, akakaa:

“Maadui wawili walikutana njiani, kila mmoja mkono kwenye bastola. Walipomaliza kujuliana hali jua lilikuwa limezama, na hakuna aliyeweza kulenga.”

Watu walianguka kwa kicheko. Mama wa magoti alilia. Alibhai akapewa ushindi, na mwizi yule akanionyesha kidole mbele ya wote akisema, “Asante kwa mwalimu wangu.” Watu wakageuka kuniangalia. Mdomo huponza kichwa. Nilitamani sakafu ipasuke.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Nimelala nikiangalia dari.

Tangu jana Joyeuse haniachi. Njiani kurudi, kwenye lifti, asubuhi hii kitandani kwangu, swali lile lile, na kwa Kiswahili, sijui kimempata nini: “Papa, halafu? Jimu na Bobu walipigana?” Nikamwambia aniache, naumwa.

Mchana nikapona ghafla. Mwezi ujao shindano ni la hadithi za mizimu, maneno hamsini! Alibhai ajua nini kuhusu mizimu? Kesho nitashuka na maandazi, nimweleze kwamba mzimu hauwezi kumtokea mtu kabla haujautaja ukoo wake wote. Safari hii atazama.

Joyeuse akaja tena, akakaa karibu yangu kwenye kochi. Akauliza kama leo nina nafasi ya kumalizia ile ya jana. Nikamwambia haoni kwamba nafanya kazi? Kisha akavaa ndara zake, akasema anashuka ghorofa ya tatu, pengine Mzee Alibhai anajua iliishaje.

Vizuri. Nyumba imetulia. Sasa naweza kuandika.