Chapa ya Ngamia Mlafi

Jumatatu, 9 Juni
Nimepata kazi! Mwalimu Rita wa chekechea hapa Wabera anataka hadithi ichorwe ukutani: ngamia mlafi anayeiba mahindi ya jirani. Ukuta ukipendeza, nitapewa na kitabu cha hadithi hiyo nikichore. Ekiru, mchoraji mwenzangu, naye anakimezea mate hicho kitabu. Amekwenda Kipsing kukaa na wafugaji, ati ajifunze ngamia anavyopiga magoti. Aende salama. Mimi nina simu. Nimepita soko la mifugo, nimempiga picha ngamia mmoja mrembo, nikarudi nyumbani kunywa chai.

Jumatano, 11 Juni
Ukuta tayari, na Ekiru bado yuko porini. Nimenakili kila kitu kwenye picha, hata ile chapa iliyochomwa shingoni. Mwalimu Rita alisema ngamia wangu ni kama wa kweli. Nikajifanya mnyenyekevu. Kisha nikapita kwa mama yake Ekiru makusudi, nikamwambia mwanawe asiharakishe kurudi.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu tupu. Wazazi walialikwa kuuona ukuta, na kabla Mwalimu hajawakaribisha, watoto walikuwa wameshaitambua chapa. Huku mtoto anaijua chapa ya mifugo ya kwao kabla hajajua a, e, i. Mimi nimekuja na ndevu zangu kutoka Nyeri, sikuliwaza hilo. Ngamia ni wa Mzee Galgalo, jirani yangu, aliyeniletea maziwa kila asubuhi nilipolala na malaria. Darasa zima likamwimbia mjukuu wake kwamba ngamia wa babu yake ni wezi wa mahindi. Mtoto akalia mpaka akatapika uji.

Mzee hakunigombeza. Aliuliza tu ngamia wake amenikosea nini. Nikakimbilia choo cha watoto. Mlango wake unanifika kifuani. Wote wakaendelea kuniona.

Jumamosi, 14 Juni
Nilikwenda kuomba msamaha. Mzee akanikaribisha chai, na hiyo chai ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alisema nifute chapa kabla ya Jumatatu, yaishe. Mjukuu wake alinipa mgongo.

Ekiru amerudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Alinishauri nisichore chapa yoyote bila kuuliza ni ya nani. Nikamshukuru shingo upande.

Jumapili, 15 Juni
Nimefuta. Limebaki doa la kijivu, ngamia anaonekana ana upele. Siwezi kumwacha hivyo, na Ekiru atapita kesho kutazama. Bahati nzuri simu yangu ina picha ya ngamia mwingine, wa mtu nisiyemjua kabisa, mwenye chapa kubwa ya kutosha kufunika doa. Nimeichora baada ya kanisa. Imetoka safi kuliko ile ya kwanza.

Waqo, mlinzi wa shule, alisimama nyuma yangu, akanyoosha kidole akaifuata chapa kama mtu anayesoma jina lake. Halafu akaniuliza ninakaa nyumba gani. Nadhani anataka nimchoree kitu.