Adapta ya Mgombea

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jumamosi wapangaji wanachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili: mimi na shemeji yangu Baragumu, kaka wa mke wangu, anayekaa ghorofa ya juu yetu. Debe tupu! Lakini akipiga chafya, jengo zima husema afya. Yeye ndiye mwenyekiti tangu zamani, na mimi katibu wake. Kazi yangu ni kuandika upuuzi wake na kuusahihisha. Nikisema mimi, watu hutafuta mbu yuko wapi.

Basi. Nimenunua maiki, spika na amplifaya ndogo, saizi ya kitabu. Haikuja na adapta ya umeme. Si neno. Droo yetu imejaa adapta.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mke wangu alisoma mgongo wa amplifaya: volti kumi na mbili, ampea tano. Akasema nitafute hiyo hiyo. Nikamweleza kwamba maandishi hayo huandikiwa waoga. Nikachomeka chaja ya kompyuta ya binti yetu. Volti kumi na tisa! Nikatamka, "Wapangaji wenzangu." Nilinguruma kama radi. Mara pah! Moshi.

Mke wangu akauliza kama hotuba ndiyo imekwisha.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimenunua amplifaya nyingine, na safari hii volti nimezitii. Nimechomoa adapta ya kisanduku cha intaneti: kumi na mbili kamili. Ampea ilikuwa moja tu, lakini ampea niliziona ni mapambo.

Nikinong'ona, safi. Nikipaza sauti, amplifaya inazimia, inazinduka, inazimia. "Nitapiga... ki zenu... milele" ndiyo iliyosikika. Baragumu akachungulia dirishani kwake na kuniambia, bila maiki, "Shemeji, meza kwanza ndipo useme!" Ghorofa zote zilicheka. Binti naye ananung'unika kuhusu intaneti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeipata! Iko kwenye kisanduku kando ya mlango mkuu wa chuma, ule unaofunguka kwa kubonyeza kitufe. Volti kumi na mbili, ampea tano. Nimepita mbele yake miaka yote kama kipofu. Ni mali ya wapangaji wote, na mimi ni mpangaji. Kwa hiyo si wizi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Asubuhi niliuzuia mlango kwa mguu, nikaing'oa adapta, nikatoka kwenda uani tunakofanyia mkutano. Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa adabu. Nikavuta waya kutoka kibanda cha mlinzi, nikaunganisha, nikamwita mke wangu kwa kujaribu. Akaitika "Abee!" kutoka dirisha la jikoni. Katika ndoa yetu yote hajawahi kunisikia akiwa jikoni. Nusura nilie.

Saa ilipofika, viti vilikuwa vitupu. Mtu mstaarabu hasubiri wachelewaji. Nikaanza. Sauti nzito, tamu, ya mwanamume! Punde nikasikia kishindo kutoka mlangoni: wapangaji wanapiga chuma kwa mikono yote. Wananishangilia kabla hawajatoka! Nikarudia aya nzuri zaidi.

Kisha sauti ya Baragumu ikaifunika spika yangu: "Shemejiii! Umetufungia!"

Kumbe kitufe bila adapta ni pambo. Mlinzi akaenda kumtafuta msimamizi mwenye ufunguo. Wapangaji, kwa kuchoka kusubiri, wakapiga kura palepale ngazini, kwa kunyoosha mikono. Nikahesabu kupitia nondo za mlango. Mkono wa mke wangu niliutambua kwa bangili.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mwenyekiti Baragumu ameniteua tena katibu. Ajenda ya kwanza niliyoandika ni wizi wa adapta ya mlango. Nilisahihisha sarufi yake.

Mke wangu anasema alinyoosha mkono ili kura iishe haraka. Maharagwe yalikuwa motoni. Anaomba nikiri kosa. Nimekiri: amplifaya ilikuwa ndogo mno.

Nimekata rufaa, na jioni nimeleta kubwa. Nyuma imeandikwa volti ishirini na nne, ampea kumi, nami sasa ni mtu wa kutii maandishi. Nimepanda lifti, nikashuka, nikapanda tena, nikikichunguza kisanduku chake. Ishirini na nne. Kumi! Na wapangaji karibu wote hutumia ngazi. Mpenda lifti ni mwenyekiti peke yake.