Siku PHP Saba Ilipostaafishwa kwa Lazima

Ilitangazwa kwa bango refu juu ya lango la Idara ya Maendeleo ya Kidijitali kwamba taifa zima sasa limehamia toleo jipya. Toleo jipya la nini, Mkurugenzi hakuona haja ya kuwachosha wananchi.

Alikuwa ameamuru paneli isasishwe, yaani ule mfumo wa kusimamia seva yenye tovuti zote za serikali. Kitufe alibonyeza mwenyewe mbele ya kamera, tai mpya shingoni. Makofi yakapigwa, keki ikakatwa. Kabla haijaisha, tovuti zote zikawa nyeupe pe.

Fundi wa seva akaja anahema. "Bosi, tumeumia. Sasisho limeng'oa PHP saba, ile lugha inayoendesha tovuti zetu, limeacha toleo la nane tu. Tovuti zetu zimeandikwa kwa saba, kwenye nane hazifunguki. Niruhusu nirudishe ile ya zamani wakati tunazirekebisha."

Mkurugenzi akapangusa krimu mdomoni. "Dada yangu, PHP saba imestaafu kwa heshima zote. Serikali haina gia ya nyuma."

"Lakini kurasa ni nyeupe, bosi!"

"Ni safi. Tutasema hivyo."

Simu yake ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kike, mjamzito wa miezi minane.

"Kaka, nipo kliniki. Mapokezi wanasema bila miadi ya kwenye tovuti hawanitambui. Miguu imevimba, viatu nimevua."

"Vumilia, mdogo wangu. Upo kwenye kipindi cha mpito."

"Nipo kwenye benchi, kaka. Tena nusu benchi."

Moyo ukamchoma kidogo. Akainuka amwite fundi, mara akaletewa takwimu: malalamiko ya wananchi yameshuka hadi sifuri. Mahali pa kulalamikia napo palikuwa kwenye tovuti. Mkurugenzi akaketi tena, akamwalika Waziri.

Waziri alizisoma takwimu, machozi yakamlengalenga. "Hakuna hata lalamiko moja?"

"Hata la kusingizia, Mheshimiwa."

"Na tovuti zinajiendesha zenyewe?"

"Kikamilifu."

"Basi kazi ya idara hii imekwisha. Naivunja leo hii."

Mkurugenzi akapiga hesabu haraka. Akisema tovuti zimekufa, ataulizwa nani kaziua. Simu ikatetema mfukoni. Alijua ni nani.

"Mheshimiwa," akaanza, "kuna jambo dogo..."

"Sema."

"Tunashukuru sana." Akawa wa kwanza kupiga makofi.

Fundi, ambaye sasa hakuwa na bosi wa kumwomba ruhusa, akateremka chumba cha seva na kuirudisha PHP saba, akaiweka sambamba na nane. Tovuti zikafunguka. Kule kliniki mapokezi wakamwita yule mama ndani, viatu mkononi.

Ndipo malalamiko yakaanza kumiminika. Na kwa kuwa hapakuwa tena na idara ya kuyapokea, mfumo uliyapeleka ngazi ya juu yake, yote, moja baada ya jingine, kwenye simu ya Waziri.